Vyuma Vitano vya Patrisi

Tangu wiki ya pili ya Februari Patrisi alikuwa hakai chini. Akiwekewa chai anainywa amesimama, jicho dirishani, upande wa milima ya Ngorongoro ambako mawingu yalikuwa yameanza kujikusanya kila alasiri na kutawanyika kabla ya jioni. Mkewe Angelina alimwambia mara mbili kwamba mvua haiji wala haikawii kwa kukodolewa macho. Patrisi alijibu kwamba anajua, akaweka kikombe, akavaa kofia, akatoka tena kwenda konani.

Huko konani palikuwa na vyuma vitano, vimesimama kwa safu pembeni mwa barabara ya kwenda Qurus, vimepakwa rangi nyeupe na nyekundu, kila kimoja kinamfika mtu mzima kifuani. Alivisimika mwenyewe. Sasa alitaka vitoke kabla masika hayajaanza, na karibu majirani zake wote hawakutaka. Siku zilikuwa zinakwenda, mawingu yanakuja, na vyuma vipo palepale.

Kwa kazi Patrisi ni fundi wa bodi za magari. Ana gereji Karatu mjini, kiwanja kidogo kilichojaa milango, mabampa na mabati, na amekaa hapo miaka ishirini na minane. Magari ya watalii humjia yamechunwa na miti ya porini, madereva wakimbembeleza awahi kabla tajiri hajaona. Ukimpelekea gari lililobondeka utalikuta limepona mpaka ulitilie shaka kama ni lako. Mwenyewe husema hapendi kusifiwa, ila ukianza kumsifu husogea karibu ili asikie vizuri.

Sifa hizo ndizo zilizomfikisha konani. Miaka minne iliyopita, wakati wa mavuno, trekta la jirani yao Thomasi lilishindwa kona likiwa limebeba mahindi. Tela lilichomoka, likashuka mpaka kwa Evarista, bibi mmoja mjane ambaye nyumba yake iko chini kidogo ya barabara, likabomoa ukuta wa chumba anacholala mjukuu wake Beatrice. Mtoto alikuwa shuleni saa ile. Ukuta ukajengwa upya, lakini Evarista hakupata usingizi tena. Kila gari lililopita lilipita juu ya moyo wake. Majirani walikutana wakamgeukia Patrisi, wakamwambia wewe ndiye mwenye vyuma.

Patrisi aliifanya kazi ile kwa moyo wote. Alipata mabomba mazito yaliyobaki kwenye uchimbaji wa kisima, akayakata, akachimba mashimo yanayomfika kiunoni, akayasimika na kuyajaza nondo na zege. Zege lilipokauka akamwita Thomasi aje na trekta na mnyororo avute kimoja. Trekta lilivuta mpaka matairi ya nyuma yakachimba mitaro, na chuma hakikutikisika. Watu wakapiga makofi. Kosa lilikuwa limekwisha kufanyika hapo, nao wakalipigia makofi, Patrisi akiwa katikati yao amevimba kichwa.

Mwaka uliofuata pikapu ya vitunguu ilikatika breki ikakivamia chuma cha pili kwa uso. Boneti ikakunjika yote, vitunguu vikatapakaa, dereva akashuka anajipangusa suruali na kuulizia simu yake. Evarista alilia kwa furaha. Jumapili iliyofuata Isaya, katekista wa kigango, ambaye wote humwita Mwalimu, alikuja na maji ya baraka na waumini nyuma yake wakiimba, akavinyunyizia vyuma vyote vitano. Tangu siku hiyo vikaitwa Walinzi. Walikuwepo kina mama waliokuwa wakipita wanakigusa kimoja na kufanya ishara ya msalaba. Patrisi naye, akitoka gereji na baiskeli yake, alikuwa akifika pale anapunguza mwendo ili aonekane.

Halafu ikaja Aprili ya mwaka jana. Mvua ilikuwa imenyesha siku tatu, na udongo mwekundu wa barabara ile ukiloa haufai hata kwa viatu. Noah yenye abiria saba ilitoka mjini, ikafika konani, dereva akakanyaga breki, na gari likaacha kumsikia. Liligeuka ubavu likawa linateremka hivyohivyo, mlango ukitangulia, bila kishindo na bila hata mwendo wa kutisha. Chuma cha tatu kikalipokea.

Ilikuwa Jumapili alasiri. Patrisi aliitwa aje na mashine ya kukatia kwa sababu kuna mtu amebanwa. Alipofika alianzia mbele ya gari kwa mazoea ya kazi, na moyo ukamtulia: taa zote mbili zinawaka, kioo cha mbele kizima, boneti haina hata mkunjo. Akadhani ni jambo dogo. Kisha akazunguka ubavuni, akaona mlango umekikumbatia chuma, na chuma kiko ndani, mahali pa kukaa mtu.

Aliyekuwa kwenye kiti kile ni kijana wa Endulen, Supeet, aliyekuwa anakuja Qurus kununua mahindi ya nyumbani kwao. Akili zake zilikuwa timamu. Patrisi alipoanza kukata bati, kijana alimshika mkono wa shati.

"Mzee, tumegonga nini?"

"Mti," Patrisi akasema. "Tulia, mwanangu. Ni mti."

Pale konani hakuna mti. Supeet alikata roho njiani kwenda hospitali, na Patrisi alirudi nyumbani na shati lile lile, akakaa nalo mpaka Angelina alipomvua kama mtoto.

Hakuna aliyemlaumu. Walisema dereva alikuwa anakimbia, wakasema utelezi, wakasema siku ya mtu ikifika imefika. Evarista alisema kwamba saa ile Beatrice alikuwa chumbani mwake anaandika kazi za shule, na Noah ile bila vyuma ingemkuta. Chuma cha tatu kilikuwa kimeinama upana wa kidole kimoja. Mtu mmoja mwema alikipaka rangi upya.

Lakini Patrisi anaijua milango. Mbele ya gari kuna bampa, kuna rejeta, kuna injini, kuna mambo mengi ya kukunjika kabla zamu ya mtu haijafika. Mlangoni kuna nini? Kuna bati ambalo yeye hulinyoosha kwa nyundo ya mbao na goti lake, kuna kioo, kuna kipande cha sponji, kisha kuna mbavu za mtu. Shibiri moja, basi. Gari likilala na ukuta au na tuta, pigo linagawanyika ubavu mzima. Likikutana na chuma chembamba kisichokubali kusogea, chuma kinachagua mahali pamoja na kuingia. Alikuwa akiyajua hayo kwa mikono yake miaka yote, tena kila masika huletewa milango iliyobonyea katikati. Siku ya kusimika hakuyakumbuka, kwa sababu akilini mwake gari lilikuwa linakuja na uso. Aliona aibu kubwa, na aibu hiyo hakuwa na wa kumgawia.

Akaingiwa na tabia ya kubonyeza milango kwa kidole gumba. Mteja analeta gari lipakwe rangi, yeye anabonyeza mlango. Anasalimiana na padre dirishani, huku mkono uko mlangoni unabonyeza. Vijana wa gereji wakaanza kumcheka kichinichini, kisha wakaacha kucheka.

Januari aliomba majirani wakutane. Akaeleza kwamba vyuma vitolewe, na mahali pake ajenge tuta pana la udongo usioshindiliwa, lenye mgongo wa pole, gari likija lizame na kuchoka lenyewe. Atalijenga yeye. Wakamsikiliza kwa heshima kama anavyosikilizwa mgonjwa. Mwalimu Isaya akasema kitu kilichobarikiwa mbele ya watu hakiondolewi kama kisiki. Mwingine akasema udongo wakati wa mvua ni uji, na uji haujawahi kuzuia gari. Evarista hakunyanyuka alipokaa.

"Baba Fabian, wewe unamlilia mmoja aliyekufa," alimwambia Patrisi. "Mimi ninaye mmoja aliye hai, na analala pale. Ulituambia havitoki hata kwa trekta, tukakuamini. Leo unataka tukuamini tena."

Walipoulizwa nani anataka vyuma vitoke, mikono miwili ilinyooka, wa Patrisi na wa Thomasi. Wa Thomasi ulikuwa mzito, maana ni tela lake lililoyaanzisha yote.

Basi Februari akawa mtu wa kuzunguka. Alienda konani asubuhi, akaenda mchana, akapima kwa hatua, akarudi. Gari likipita kwa kasi yeye husimama mpaka limalize kona. Mwishoni akamtafuta Senteu, kaka yake Supeet, mpishi katika kambi moja ya wageni pale Karatu, akamwomba ampeleke Endulen kwa mama yao. Senteu akamuuliza anakwenda kufanya nini. Patrisi alisema hajui. Ukweli ni kwamba alitaka alaumiwe na mtu mwenye haki ya kulaumu.

Walipanda gari la Endulen wakapita getini, wakapita ukungu wa juu ya kreta, na njia nzima Patrisi alikaa katikati ya gari, mbali na dirisha. Kabla hawajafika Senteu alimwonya jambo moja tu: kwao jina la aliyekufa halitajwi, asije akalitaja mbele ya mama. Walimkuta Nanyori nje ya boma amekaa na ndama mdogo anayeumwa, amemfunika kwa shuka kuukuu. Patrisi akamsalimu, akamwita yeyo, yaani mama, kama Senteu alivyomfundisha, akaketi kwenye kigoda.

Akasema yote. Kwamba vyuma ni vyake, kwamba alivifanya visiweze kusogea na akajivuna navyo, kwamba kijana alimuuliza wamegonga nini naye akamwambia ni mti. Senteu alikuwa anatafsiri sentensi kwa sentensi. Alipofika kwenye mti alimgeukia Patrisi, maana hata yeye alikuwa hajawahi kuambiwa hilo. Kisha akalitafsiri.

Nanyori aliendelea kumpapasa ndama shingoni. Machozi hayakumtoka, na Patrisi, aliyekuwa amejiandaa kwa machozi na kwa fimbo, hakujua afanye nini na mikono yake. Mwishowe mama akauliza jambo kwa Kimaa, lugha ya kwao, kwa sauti ya kawaida.

"Anauliza kama vyuma bado vimesimama," Senteu akasema.

"Bado."

Mama akasema maneno machache, akamrudia ndama wake.

"Anasema basi umekuja mapema mno."

Walimpa maziwa akanywa, kwa sababu mgeni hanyimwi. Gari la kurudi lilikuwa la asubuhi yake. Patrisi hakukumbuka chochote cha njiani isipokuwa mawingu, ambayo safari hii yalikuwa chini kabisa na hayakutawanyika.

Aliposhuka hakupita nyumbani. Alikwenda moja kwa moja kwa Evarista, akamkuta anapepeta maharage, akamwambia kwamba kesho kutwa vyuma vinatoka. Alivisimika kwa mikono yake na atavitoa kwa mikono yake, akishitakiwa ashitakiwe. Mpaka tuta likamilike, Beatrice atalala kwa Angelina, na yeye Patrisi atalala kwenye kitanda cha mtoto, upande uleule wa ukuta. Evarista aliweka ungo chini. Alimwangalia usoni kutafuta utani, akaukosa.

"Utalala wewe?"

"Mimi, mama."

"Kichwa upande gani?"

"Upande wa barabara."

Evarista akachukua ungo tena. Akasema haya, tuone, ila tuta lisiguse mstari wa mbaazi ulio upande wa chini, maana zile ni za kula na bado changa. Patrisi alijua kwamba bila mstari ule tuta lingebaki na pengo la hatua sita. Alikubali kwa sababu aliogopa akibishana atakosa yote.

Siku ya kung'oa watu walikuja wengi, wengine kuzuia na wengine kutazama anayezuia. Mwalimu Isaya alifika amevaa koti. Alieleza kwamba amefungua kitabu chake usiku kucha, kuna sala ya kubariki nyumba, mbegu, mifugo na vyombo vya safari, lakini sala ya kung'oa hakuiona. Kwa hiyo akavua kofia, akasimama hivyo jua likimchoma upara mpaka kazi ikaisha, na watu walipoona Mwalimu amevua kofia hakuna aliyethubutu kufungua mdomo. Patrisi alichimba kuzunguka kila chuma kwa sululu, akapasua zege kwa nyundo, Thomasi akavuta. Kilichotoka mwisho ni cha tatu. Patrisi alikikata vipande palepale, na vipande akavifukia kwenye shimo la choo cha zamani, asije mtu mwema mwingine akavipatia kazi.

Kwa siku kumi na mbili alijenga tuta. Thomasi alileta udongo kwa tela lile lile, akaumwaga, na Patrisi akausambaza kwa chepe. Gereji ilifungwa, wateja walipiga simu hakupokea. Jioni alikwenda kujilaza kwenye kitanda cha mtoto, miguu ikining'inia nje, na ukuta ulikuwa karibu sana na sikio lake. Hapo ndipo alipomwelewa Evarista. Kila gari lilipopunguza mwendo kule juu, mwili wake wote ulisubiri. Alifikiri: huyu bibi amekaa hivi miaka minne, na mimi nilikuwa naona ananing'ang'ania.

Mvua haikungoja pengo lizibwe. Ilianza siku ya mnada, saa nane mchana, matone makubwa yaliyoinua harufu ya vumbi kwanza, kisha ikafungulia. Watu walikuwa mnadani, na watu wa mnadani lazima warudi. Patrisi alisimama juu ya tuta na chepe lake bila mwavuli, akawa anaisikiliza barabara. Pikipiki mbili zilipita zikiyumba. Lori likapita polepole. Kisha akasikia Noah.

Aliiona ikitokea juu, ikakanyagwa breki, na akajua kabla dereva hajajua. Nyuma ikatangulia kushoto, gari likageuka lote, na ule mlango mrefu wa kusukuma ukawa ndio uso wake. Nyuma ya vioo aliona watu, aliona mwanamke mwenye kitambaa cha njano amekaa dirishani. Patrisi alipiga kelele asiyoijua maana yake.

Gari liliingia tutani kwa ubavu. Udongo ukafumuka, ukapanda mpaka kwenye vioo, ukasukumwa mbele ya gari ukawa kilima kingine, na mwendo ukaisha hatua mbili kabla ya ule mstari wa mbaazi. Noah ililala upande kidogo, ikasita, ikarudi kukaa. Injini ikazima. Mvua tu ndiyo iliyobaki ikisikika.

Mlango ule haukufunguka mara moja, umejaa matope. Patrisi akaruka, akauchimbua kwa mikono, akauvuta kwa nguvu zake zote, nao ukaserereka nyuma kwenye reli yake kama mlango wowote. Akashuka mwanamke wa kitambaa cha njano, mzima, ameshika trei ya mayai. Nyuma yake wakashuka wengine sita. Patrisi aliwahesabu, akawahesabu tena.

Mwanamke aliangalia viatu vyake, akaangalia mayai, zaidi ya nusu yamevunjika na yanamchuruzika mikononi, akaangalia lile rundo la udongo, kisha akamwangalia Patrisi na chepe lake. Akataka kujua ni mjinga gani amejaza udongo pembeni mwa barabara ya watu. Dereva naye akaungana naye: taa imevunjika, mlango umekwaruzwa, hivi huku hakuna uongozi? Wakamsema kwa zamu, mvua ikiwapiga. Patrisi alisimama akapokea kila neno. Hakuwahi katika maisha yake kutukanwa akafurahi namna ile, na machozi yalikuwa yanamtoka waziwazi, ila kwa mvua ile hakuna aliyeyatambua.

Evarista alikuwa ametoka mlangoni kwake tangu mwanzo. Alikuwa ameona gari linavyokuja, akaona linavyosimama, akaona mahali liliposimama, na pengo lililobaki wazi hatua mbili pembeni yake. Sasa alikuja akipita katikati ya abiria bila kuwasalimu, jembe begani, khanga imemganda mwilini. Aliinama kwenye mstari wa mbaazi, akaing'oa ya kwanza na mizizi yake, akaitupa nyuma, akaing'oa ya pili.

Kule juu gari jingine lilikuwa linabadilisha gia. Patrisi alimwomba mwanamke wa mayai ampishe, akaanza kumwaga udongo palepale mikono ya Evarista ilipotoka.